Mwenye Kuuguza Naye Ana Fungu Lake



Mwezi huu misikiti yetu inajaa. Jamia pale mjini, Makina kule Kibera, hata Kawangware, ukichelewa Tarawehe unaswali nje. Lakini hebu jiulize: nani hayupo safuni? Yuko dada nyumbani anayemgeuza mamake kitandani, anamuosha, anampa dawa, usiku na mchana. Hana mshahara, hana likizo. Na sisi tunasema, "Huyu siku hizi haonekani!"

Basi mkumbukeni Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Ramadhani ya mwaka wa 2 Hijriya, Waislamu walipotoka kwenda Badr, yeye alibaki Madina. Hakubaki kwa woga. Mkewe Bibi Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa sana, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemwamuru abaki amuuguze. Bibi Ruqayya alifariki siku hizo hizo. Na ngawira ilipogawanywa, Uthman alipewa fungu lake kama waliokuwa vitani.

Mmeona? Kuuguza ni ibada. Tena tazameni: Uthman hakuahidiwa thawabu tu, alipewa na fungu mkononi. Sisi je? Tunamwambia anayeuguza, "Mungu atakulipa", kisha tunakwenda zetu.

Mpeni fungu lake. Kaa na mgonjwa saa mbili, naye aende Tarawehe au alale tu. Mpelekee futari iliyokwisha pikwa. Mnunulie sabuni, nepi za watu wazima, mpe nauli ya kwenda Hospitali ya Kenyatta. Na nyinyi ndugu wa kiume, mama si wa dada peke yake! Pangeni zamu.

Anayeuguza mgonjwa wa saratani asibebe peke yake. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka 1990 karibu na Kenyatta, huwasaidia wagonjwa na jamaa zao pia, na huwafundisha namna ya kuwatunza nyumbani.

Leo kabla ya futari, mtaje mtu mmoja unayemjua anauguza. Usimuulize, "Nikusaidie nini?" Ataona haya, atasema hakuna. Wewe bisha hodi, ingia na sahani yako.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awatie nguvu wanaowauguza. Amin.