Benki ya Senti Kumi Kumi

Leo nitawaeleza habari za benki iliyoanzishwa na watu wa kawaida katika mji wa Lévis, nchi ya Kanada, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Quebec.

Alikuwako bwana mmoja, Alphonse Desjardins, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya wajumbe katika Bunge la Ottawa. Mwaka 1897 alimsikia mjumbe mmoja akieleza kisa cha mtu wa Montreal aliyekopa dola 150, kisha mahakama ikamwamuru kulipa riba ya dola 5,000. Hebu fikirini! Benki kubwa za siku hizo hazikuwa na haja na mkulima wala kibarua. Basi mtu akipatwa na shida, alimwendea mla riba.

Bwana Desjardins akaandikiana barua na wenye vyama vya akiba vya Ulaya, akajifunza desturi zao. Tarehe 6 Desemba, 1900, yeye na majirani zake wakaanzisha chama. Hisa moja ilikuwa dola 5, lakini mtu aliweza kuilipa senti 10 kila juma. Tarehe 23 Januari, 1901, siku ya kwanza ya kupokea fedha, zilipatikana dola 26 na senti 40. Mkopo alipewa mwanachama tu, naye alipimwa kwa tabia yake. Je, ni mwaminifu? Ni mchapa kazi? Hayo majirani waliyajua bila kuuliza.

Jambo gumu lilikuwa sheria. Kwa miaka 5 na zaidi chama hakikutambuliwa na sheria yo yote; fedha zikipotea, dhamana ilikuwa juu ya Bwana Desjardins mwenyewe. Tena Bunge lilipokaa yeye alikuwa mbali, Ottawa. Aliyeshika daftari nyumbani alikuwa mkewe, Bibi Dorimène. Wengi husahau kumtaja, nami naona si haki. Bibi huyu aliingiwa na hofu, maana chama kikianguka, watoto wake wangerithi hasara. Hata hivyo hakulifunga daftari. Mwezi wa Machi, 1906, Bunge la jimbo la Quebec likapitisha sheria ya vyama hivyo, naye akapumua.

Bwana Desjardins alifariki mwaka 1920, vyama zaidi ya 100 vikiwa vimekwisha kuanzishwa. Mkewe alizidi kuombwa mashauri mpaka alipofariki mwaka 1932. Benki yao ingali hai, ina wanachama mamilioni, na nyumba ile ya Lévis imehifadhiwa.