MAZUNGUMZO: MAFUTA YA MAZIWA YA MAMA NA YA MAZIWA YA KOPO



Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Wilaya ya Ngara. Kambi ya Benaco ikajaa mara moja. Baadaye wengine walipewa hifadhi Wilaya ya Biharamulo. Miongoni mwao walikuwamo watoto wachanga, na swali la awali lilikuwa: watalishwa nini? Swali hilo linawahusu pia wakazi wa Visiwani, ambako kipindupindu si kitu kigeni.

Yafaa ifahamike kwamba maziwa ya mama na ya kopo hayatofautiani sana kwa wingi wa mafuta. Kila mililita 100 huwa na gramu 3 hadi 4 hivi, nayo hutoa karibu nusu ya nguvu aipatayo mtoto. Tofauti imo katika aina na mpangilio wake.

Mafuta ya kopo aghalabu hutokana na mawese, nazi, soya na alizeti. Asidi ya palmitiki imo katika maziwa yote mawili. Katika maziwa ya mama, sehemu kubwa ya asidi hiyo hukaa katikati ya chembe ya mafuta, ikafyonzwa kwa urahisi. Katika mawese hukaa pembeni. Hukatika tumboni, hushikana na kalsiamu, na zote mbili hupotea katika choo kigumu. Aidha, maziwa ya mama yana kimeng'enya cha kusaga mafuta, ambacho kopo halina. Yana pia mafuta ya DHA yajengayo ubongo na macho. Haya Umoja wa Ulaya umelazimisha viwanda kuyaongeza tangu mwaka 2020.

Baadhi ya akina mama huyaona maziwa yao mepesi wakadhani hayana kitu. Sivyo. Maziwa ya mwanzo wa kunyonya huwa na mafuta machache, ya mwisho huwa mazito. Mtoto aachwe amalize titi moja kabla ya kupewa la pili.

Penye dhiki, kopo huhitaji maji safi, kuni na kipimo. Anayezidisha maji ili unga usiishe upesi humpunguzia mtoto mafuta na nguvu. Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta hayamfai kabisa mtoto mchanga.

Mtoto aliyefiwa na mama atafutiwe mnyonyeshaji mwenye afya njema. Isipowezekana, apewe maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa kikombe, kwa maji yaliyochemshwa na kipimo kilichoandikwa, chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya.

Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za uuzaji wa maziwa hayo mwezi Mei, 1981. Hivyo basi, masheha na watumishi wote wanaombwa wasiruhusu makopo ya msaada kugawiwa ovyo wakati wa maafa, bali wahakikishe kwamba mama anayenyonyesha anatangulizwa kupata chakula, maji na mahali pa kupumzika.