Mulango wa Kukimbilia Usiku

Leo hatutasema juu ya uji wala chanjo. Tutasema juu ya mama anayepigwa na kufukuzwa usiku, mutoto mugongoni, bila kujua atalala wapi.

Wengi wetu tukisikia kilio kwa jirani tunasema: «Ni mambo ya ndani.» Hapana! Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inaagiza wakubwa wa serikali wapigane na mateso ya wanamuke, hadharani na hata nyumbani. Na sisi wauguzi tunaona matunda yake: mimba inayotoka, mufupa uliovunjika, mutoto asiyenyonya vizuri.

Mara nyingi mama huyu hakosi nguvu ya kutoka. Anakosa pa kwenda. Kwao ni mbali, mahari ilikwisha kuliwa, na lupango ni la bwana. Kwa hiyo mulango utafutwe mbele ya ule usiku kufika.

Mufanye nini?

1. Wamama wa avenyu moja, au wa likelemba moja, muchague nyumba mbili au tatu za kumupokea. Afazali kwa mama mukubwa mwenye kuheshimiwa. Mupatane kwanza na bwana wa nyumba ile.

2. Mama mwenye hofu aweke mufuko mudogo kwa rafiki: karti ya kliniki, karatasi ya ndoa na za kuzaliwa kwa watoto, nguo, dawa anazokunywa, feza kidogo ya njia.

3. Likelemba ikikutana, mutenge feza kidogo ya chakula chake cha siku za kwanza.

4. Akibisha hodi, mumufungulie. Musiulize: «Ulimufanya bwana nini?» Mumupe maji na mahali pa kulala, mumusikilize. Musimurudishe usiku, musimwambie bwana pale alipo, musipeleke habari kisimani. Asubuhi yeye mwenyewe achague: kwenda kwao, kwa shefu, kwa tribinali, ao kurudi.

Mumulete lopitali usiku uleule kama alikabwa koo, hata kama shingo haina alama. Kama alipigwa kichwa akazimia ao anatapika. Kama ana mimba na damu inatoka, tumbo linauma, ao mutoto hachezi. Kama mwanaume alimulazimisha kulala naye, afike mbele ya siku 3 kuisha, apate dawa ya kuzuia sida. Dawa ya kuzuia mimba inatolewa mpaka siku 5, lakini kuwahi ni bora. Siku hizo zikipita, aje tu: matunzo mengine yako.

Mujane naye anafukuzwa. Lakini Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, inamupa haki ya kukaa katika nyumba alimoishi na bwana wake. Ndiyo maana tunawaambia kila mara: muandikishe ndoa kwa serikali, karatasi muitunze.

Kule Bukavu, Maison Dorcas inapokea wanamuke waliotunzwa kwa Lopitali ya Panzi na wasio na pa kurudi. Wanajifunza kusoma na kazi za mikono. Ni kazi nzuri sana. Lakini kwa wengi wetu Bukavu ni mbali, na usiku hakuna motokari. Jirani ni karibu.

Basi leo, mbele ya kuondoka hapa, kila mama aulize mwenzake wa avenyu: «Kwetu, mulango ni upi?»