Simu Ileile, Makosa Mawili: Fidia na Ada za Wakili Mdai Anapomwandama Mufilisi Nchini Marekani



Nianze na simu. Tuseme mama mmoja wa kwetu, mhudumu wa wazee huko Ohio, amefungua shauri la ufilisi Jumatatu asubuhi. Jumatano, akiwa kazini, anapigiwa: zile dola 900 za kadi ya duka utalipa lini? Miezi minne inapita, mahakama inamfutia madeni, na wiki inayofuata simu inalia tena. Sauti ileile, swali lilelile. Kwa mama huyu ni kero moja iliyojirudia. Kwa sheria ya Marekani ni makosa mawili yanayofuatiliwa kwa njia mbili, na njia ya pili ina miiba mingi kuliko ya kwanza. Mada yangu inahusu tofauti hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama wakili atalipokea faili la mama au atampa pole na kumsindikiza mlangoni.

Mimi si wakili. Kazi yangu ni kama yenu, wakalimani na wasaidizi wa jamii: kukaa katikati ya wakili na mteja na kutafuta maneno. Na neno lenyewe, kufilisika, linatusumbua. Kwetu aliyefilisika ni yule ambaye dalali ameshafika kwake, makochi yako nje na majirani wanachungulia. Mteja akilisikia anainamisha kichwa. Ndiyo maana akipigiwa simu baada ya kufungua shauri hamwambii mtu. Anadhani mdai ana haki ya kumtukana. Nimewaona waliolipa deni lililokwisha kufutwa, kwa aibu tu.

Zuio linaloanza na muhuri wa karani

Kifungu cha 362 cha Sheria ya Ufilisi ya Marekani huweka zuio papo hapo shauri linapofunguliwa. Zuio halimsubiri hakimu, wala halisubiri mdai apate habari. Simu za kudai, barua, kukata mshahara, kuvuta gari usiku, kuipiga nyumba mnada, vyote husimama. Ni hivyo kwa Sura ya 7, ambayo huuza mali isiyolindwa na kufuta madeni mengi yaliyobaki, na ni hivyo kwa Sura ya 13, ambayo humpa mdaiwa mpango wa kulipa kidogokidogo kwa miaka 3 hadi 5. Kesi za jinai haziguswi, na madai mengi ya matunzo ya mtoto huendelea. Mteja aambiwe hilo mapema, asije akatulaumu sisi tuliotafsiri.

Meno ya zuio yako kwenye kifungu kidogo cha (k). Bunge la Marekani liliyaotesha mwaka 1984, wakati huo chini ya herufi (h). Mageuzi ya 2005 yakabadili herufi. Kifungu hicho kidogo kinaeleza kwamba mtu binafsi aliyeumizwa na uvunjaji wa makusudi wa zuio atalipwa hasara yake halisi, zikiwemo gharama na ada za wakili, na pale inapostahili anaweza kupewa pia fidia ya adhabu. Tuliofundishwa kusikiliza vitenzi tuyasikilize haya: hasara na ada, atalipwa; adhabu, anaweza kupewa. Katika lile la kwanza hakimu hana hiari.

Neno makusudi nalo linahitaji uangalifu. Mdai si lazima awe na roho mbaya. Inatosha kwamba alijua shauri limefunguliwa, kisha akakifanya kitendo chenyewe kwa hiari yake. Utetezi kwamba kompyuta ndiyo iliyotuma barua haumfikishi mbali. Lakini kifungu cha 342 kinamlinda mdai kwa upande mmoja: hatozwi fedha kwa kuvunja zuio ikiwa hakupata taarifa kwa namna ambayo kifungu hicho kinaitambua. Anwani iliyokosewa kwenye orodha ya wadai inaweza kuiua kesi nzuri. Na orodha hiyo, ndugu zangu, mara nyingi sisi ndio tunaosaidia kuijaza.

Nani amlipe wakili?

Mliowahi kuingia mahakamani Nairobi au Dar es Salaam mmezoea kwamba kwa kawaida aliyeshindwa hubeba gharama za aliyeshinda. Marekani kawaida ni nyingine: kila mtu humlipa wakili wake, ashinde ashindwe, isipokuwa sheria au mkataba umesema vinginevyo. Sasa pigeni hesabu. Mdai amemkata mama dola 240 kwenye mshahara baada ya zuio kuanza. Wakili wake hutoza kwa saa. Barua moja ya onyo na simu mbili, na zile dola 240 zimekwisha kabla hajaandika hata ukurasa mmoja wa maombi. Kama ada haihamii kwa mdai, hakuna kesi, na mdai mwenye ofisi kubwa anaijua hesabu hiyo kuliko mama. Kwa maoni yangu kifungu kidogo cha (k) ni sheria ya ada kwanza, halafu ndipo ni sheria ya fidia.

Mahakama zenyewe zilichukua muda kulikubali jambo hili. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa, inayohudumia California, Nevada, Oregon na majirani zao, iliamua katika kesi ya Sternberg kwamba ada zinazolipwa ni zile za kuukomesha uvunjaji tu. Gari likisharudishwa, au mshahara ukiachwa, saa zote ambazo wakili anatumia kudai fidia zinamhusu mteja mwenyewe. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba umemlipia nauli ya kwenda hospitali, dawa ajinunulie. Miaka mitano baadaye, mwaka 2015, majaji wa kanda hiyohiyo walikaa jopo pana katika kesi ya Schwartz-Tallard, iliyotokana na nyumba ya Nevada kuuzwa wakati zuio lipo, wakaitupa kanuni hiyo. Walikubali ada za kudai fidia, na hata ada za kuitetea hukumu kwenye rufaa ambayo mdai ndiye aliyeikata.

Hata hivyo sitaki mtoke hapa mkidhani kila barua ya mdai ni hundi. Mdaiwa ana wajibu wa kuipunguza hasara yake. Wakili aliyeweza kumaliza jambo kwa simu moja, akaamua kuandika maombi ya kurasa 40, anaweza kukatwa ada yake, na hakimu asimwonee haya. Wapo mawakili wanaomfundisha mteja akae kimya, simu ziongezeke. Hiyo ni biashara mbaya, na tusiitafsiri kama ushauri wa kawaida.

Kuhusu maumivu ya moyo mahakama za rufani hazikukubaliana. Kanda ya Saba, iliyoko Chicago, katika kesi ya Aiello mwaka 2001 iliona kwamba zuio linalinda mali zaidi kuliko utulivu wa nafsi, ikakataa fidia ya maumivu yaliyosimama peke yake bila hasara ya fedha. Kanda ya Tisa mwaka 2004, katika kesi ya Dawson, iliyakubali, mradi dhara liwe kubwa, lithibitike, na litokane na kuvunjwa kwa zuio wala si na msongo wa kufilisika wenyewe. Hapa mkalimani ana kazi nzito. Mama akisema "moyo ulinienda mbio, sikulala siku tatu, nikakosa zamu," tafsiri yote. Ukiandika "alihuzunika," umemwibia.

Baada ya madeni kufutwa

Turudi kwenye ile simu ya pili. Zuio limekwisha, mahali pake pamekuja katazo la kudumu la kifungu cha 524, linalomzuia mdai kukusanya deni lililofutwa. Katika madhara kwa mama hakuna tofauti. Lakini hapa Bunge halikuandika kifungu kama (k). Hakuna "atalipwa". Mama anapita mlango wa nyuma: anaiomba mahakama, kwa mamlaka yake ya jumla ya kifungu cha 105, imtie mdai hatiani kwa kuidharau amri.

Kipimo chake kilitamkwa na Mahakama ya Juu tarehe 3 Juni 2019 katika kesi ya Taggart dhidi ya Lorenzen, majaji wote kwa sauti moja, hukumu ikiandikwa na Jaji Breyer. Mdai anaweza kutiwa hatiani ikiwa hapakuwa na msingi wa haki wa kutilia shaka kwamba amri inakikataza kitendo chake. Yaani akiwa na hoja yenye mashiko, hata ikija kuonekana si sahihi, anaokoka. Kujua amri ipo na kukusudia kitendo, ambako kungetosha kwa simu ya kwanza, hakutoshi kwa ya pili.

Tazameni hesabu za kesi hiyo, zinasema kuliko mimi. Mahakama ya ufilisi ya Oregon ilikuwa imempa mdaiwa takriban dola 105,000 za ada na gharama, dola 5,000 za maumivu ya moyo na dola 2,000 za adhabu. Karibu fedha yote ilikuwa ya wakili. Kesi iliporudi chini kwa kipimo kipya, mwaka 2020 Kanda ya Tisa ikaona wadai walikuwa na shaka ya haki, na mdaiwa akaondoka bila kitu. Naiona hoja ya Jaji Breyer kwa mgogoro ule, uliokuwa wa hisa za kampuni na sheria zenye utata. Kwa kadi ya duka ya dola 900 utata uko wapi? Simu ya kudai deni kama hilo baada ya kufutwa haina shaka ya haki hata chembe, na wakili aliyelielewa hilo anaweza kuichukua kesi bila woga. Tatizo ni kwamba wengi wanaposikia Taggart wanakunja faili.

Dola 28 na dola milioni 45

Katika miaka ya 1990 mlinzi mmoja mlemavu wa Massachusetts, aliyekwisha kufutiwa madeni, alimwandikia hakimu barua kwa mkono wake. Alieleza kwamba dola 28 alizokuwa akiilipa kampuni ya maduka ya Sears kila mwezi zinapunguza chakula cha watoto wake. Hakimu Carol Kenner wa Boston alishangaa: kama deni limefutwa, analipa nini? Ikabainika kwamba Sears ilimsainisha mkataba wa kulikubali upya deni na haikuuwasilisha mahakamani, kinyume na sheria. Na hakuwa peke yake. Ulikuwa mtindo wa kampuni nchi nzima. Sears ilikubali kurejesha zaidi ya dola milioni 100 kwa wateja, na mwaka 1999 kampuni yake tanzu ikakiri kosa la jinai na kulipa faini ya dola milioni 60. Huwa naisimulia habari hii kwa sababu ilianza na barua, na barua ile haikuandikwa na wakili.

Upande wa fidia ya adhabu, kesi inayotajwa sana ni ya Sundquist. Bank of America iliuza nyumba ya wanandoa wa California mwaka 2010 wakati zuio linafanya kazi. Waliporudi wakakuta vifaa vimeng'olewa na bustani imekauka. Mwaka 2017 Hakimu Christopher Klein aliandika hasara ya zaidi ya dola milioni moja na adhabu ya dola milioni 45, sehemu kubwa ya adhabu hiyo ikielekezwa kwa vyuo vya sheria na watetezi wa walaji. Baadaye pande hizo zilipatana zenyewe. Msimtajie mteja namba ile; atalala nayo na kuamka nayo.

Kuna milango iliyofungwa pia, nipite haraka. Kampuni ikiwasilisha mahakamani dai lililopitwa na muda, haijavunja sheria ya ukusanyaji madeni ya 1977. Ndivyo Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 2017 kuhusu kampuni ya Midland Funding, kwa hiyo ni juu ya mdaiwa kulipinga dai hilo. Sheria hiyo ya 1977 bado ina faida yake: humpa aliyeonewa ada za wakili na nyongeza isiyozidi dola 1,000, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu kilipowekwa. Jiji la Chicago nalo lilishinda katika Mahakama ya Juu Januari 2021: kuendelea tu kulishikilia gari lililokamatwa kabla ya shauri si kuvunja sehemu ya zuio iliyobishaniwa. Madereva wetu walipie faini mapema. Serikali haitozwi fidia ya adhabu hata ikikosea, ingawa hasara halisi inaweza kutozwa. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 8 kwa 1, kwamba mkopeshaji wa mtandaoni anayemilikiwa na kabila la Lac du Flambeau hawezi kujificha nyuma ya kinga ya kabila. Mkopo uliozua kesi yote hiyo ulikuwa dola 1,100.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mteja akija na mfuko wa plastiki uliojaa barua, msizipange kwa mdai; zipangeni kwa tarehe, na katikati ya rundo wekeni karatasi mbili: siku ya kufungua shauri na siku ya kufutiwa madeni. Simu nazo ziandikwe kwenye daftari: saa, namba, jina alilojitajia mpigaji, na alichosema. Na msimwache atupe bahasha. Barua nyingine hazina tarehe ndani. Tarehe pekee iliyopo ni ile iliyogongwa juu ya bahasha.