Mashaka yetu yawe na hesabu

(Mazungumzo na vijana wa Mbulu na Hanang, Katesh)

Mliotoka Haydom na Dongobesh najua barabara imewatikisa, nitakuwa mfupi.

Kwenye magrupu yetu nasoma kwamba wataalamu wa afya ni waongo wote na korona ilikuwa biashara. Ushahidi unaotolewa ni ule utabiri wao. Haya, tuuangalie. Aprili 2020 Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika ilisema bara hili lingeweza kupoteza watu 300,000 hata hatua zikichukuliwa, na milioni 3.3 pasipofanyika kitu. Mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani, WHO, likaja na lake: kati ya 83,000 na 190,000 kwa mwaka wa kwanza, udhibiti ukishindikana. Mwaka 2020 ukaisha, vifo vilivyoripotiwa Afrika nzima havijafika 100,000. Kwa namba hizo, wale wa 300,000 walipiga juu sana. Semeni hivyo bila woga.

Ila kwenye hivyo vilivyoripotiwa, Tanzania tulichangia vingapi? Ishirini na moja. Mwanzoni mwa Mei 2020 daftari likafungwa: wagonjwa 509, vifo 21, Bara na Visiwani. Sasa wewe wa Mbulu unayesema utabiri ulikuwa uongo, utathibitisha na nini? Huna namba. Ulinyang'anywa. Aliyetabiri kwa namba kajianika, tumemkamata. Aliyenyamaza utamkamatia wapi?

Tukumbushane. Mei 3, 2020, Chato, Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na korona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Kuhoji kipimo si kosa, hata mimi ningehoji. Lakini mzani wa mnadani ukidanganya unautengeneza au unaleta mwingine, huachi kupima ukauza mahindi kwa macho. Wabunge watatu walifariki ndani ya wiki mbili, wa kwetu wakaamua kujitenga siku 14, Spika Ndugai akawataka warudi bungeni au warudishe posho. Julai zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni: marufuku kuandika habari za mlipuko wa ugonjwa bila kibali cha mamlaka. Ndiyo maana Februari 2021 tukawa tunazika watu wa "changamoto ya upumuaji", neno ambalo halijawahi kuponya mtu. Maalim Seif alifariki Februari 17, na aliyewaambia wananchi kwamba ana korona ni chama chake, si Wizara.

Mwezi huohuo Waziri Gwajima alisema hakuna mpango wa kupokea chanjo. Julai 28 chanjo ikazinduliwa, waziri yuleyule. Halafu mnashangaa wazee wetu waliikwepa?

Na kuhesabu wanajua, tusidanganyane. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliposhuka hapahapa Katesh, idadi ya marehemu ilitangazwa siku kwa siku, kutoka 47 mpaka ikavuka 80. Iliuma, lakini tulijua. Januari 2025 huko Kagera mambo yakarudi kulekule: WHO wakatoa taarifa ya watu wanaohisiwa kuwa na Marburg, Wizara ikasema vipimo havijaonyesha kitu, na siku chache baadaye Rais Samia akathibitisha, mkuu wa WHO akiwa naye Dodoma. Siku chache kwa ugonjwa ule ni nyingi mno.

Sasa kazi. Zahanati ya kijijini kwenu ina madaftari ya MTUHA, na kila mwezi majumla yake yanapelekwa halmashauri. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu. Simama uulize: nimonia wangapi miezi hii mitatu? Watoto wangapi? Mwaka jana kipindi kama hiki ilikuwaje? Omba majumla, si majina. Ukianza kutaka majina ya wagonjwa umeshakuwa mmbea, na mimi sitakutetea. Mtendaji akisema hana, usibishane naye, mwambie aandike kwenye muhtasari kwamba hana. Mkishapata majibu, ya Mbulu na ya Hanang, leteni kwenye grupu tuyaweke pamoja.