Duka Likijaa, Usikimbilie Kuajiri

Msikilizaji, wenye biashara ndogo wa Tarime na Serengeti wanaijua foleni. Mwenye mgahawa wa Mugumu huiona kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wakiwa kaskazini mwa hifadhi na watalii wakimiminika. Mwenye duka wa Nyamongo huiona wafanyakazi wa mgodi wa North Mara wakishapokea mshahara.

Foleni ya msimu inataka kibarua. Mtu wa kudumu ni hesabu nyingine: msimu ukipita, je, bado wateja wanaondoka bila kuhudumiwa? Kama ndiyo, kazi imekuzidi kweli.

Kisha angalia gharama. Mshahara wa shilingi 300,000 hauishii hapo. Mwajiri kwa kawaida huchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, yaani 30,000, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nusu asilimia, 1,500. Jumla 331,500 kila mwezi, hata katika siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo ambazo sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi. Pima kama faida ya mwezi mbaya inabeba gharama hizo. Mwezi mnono hudanganya.

Wengi hukwepa hesabu hii kwa kumwita mpwa kutoka kijijini, alipwe chakula na malazi. Huo nao ni uajiri, ila hauna mkataba, na ugomvi wake huishia kwenye kikao cha ukoo.

Asiyeweza kulipa gharama hizo asubiri. Anayeweza lakini anaahirisha, ajue anamgawia jirani wateja wake.