Maji Hayasemi Uwongo

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Katibu ametuomba tueleze habari za paneli kuukuu za kuchemshia maji kwa jua. Sisi si mainjinia. Sisi ni watu wa karakana ya reli, na elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, lakini mikono yetu yajua spana. Tutasema yale tuliyoyafanya wenyewe, na kosa letu hatutalificha.

Mwaka 2012 Serikali yetu ya Kenya ilitoa kanuni za kutaka majengo yatumiayo zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekwe mitambo ya jua. Paneli nyingi zilipandishwa mapaani. Jengo likibomolewa au likitengenezwa upya, paneli zake huweza kufika kwa wauza vyuma chakavu, na bei yake si kama ya mpya.

Basi nyumba tatu tulichanga fedha, tukampa mwenzetu mmoja akanunua paneli mbili. Tukazipandisha siku ile ile, kwa hamu ya kuoga maji moto bila kununua makaa. Siku ya tatu dari ya nyumba moja ikalowa, maji yakadondoka kitandani kwa mtoto. Hapo maneno yakaanza. Tulisema mwenzetu amekula fedha zetu akatuletea takataka. Hata salamu zikapungua.

Tukamwendea mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi na injini za mvuke. Akatuuliza swali moja tu: "Mlizipima?" Tukanyamaza. Akasema boila la injini likitoka kutengenezwa hujazwa maji baridi kwanza na kusukumwa kwa nguvu ipitayo ile ya kazi, ndipo litiwe moto. Paneli nayo ni ndugu mdogo wa boila. Akatuonyesha njia, nayo ni hii.

Kwanza, fungueni sanduku mkiwa kivulini. Toeni kioo kwa uangalifu. Ndani mtaona bati jeusi lililoshikamana na mabomba membamba ya shaba, na mabomba mawili manene, moja juu na moja chini. Nyuma yake mna pamba ya kioo ya kuzuia joto. Vaeni glavu na mfunge kitambaa puani, maana pamba hiyo hutoboa ngozi na kuwasha kifua. Kama imelowa, ikausheni au mweke nyingine.

Pili, safisheni mabomba. Maji ya visima mara nyingi huacha chokaa ndani. Jazeni siki, au asidi ya limau iliyoyeyushwa katika maji, mwache saa chache bila kuziba, kisha msuuze mpaka maji yatoke safi. Msitie kamwe asidi ya betri: itaila shaba. Wala msilisugue bati jeusi kwa msasa, kwa sababu ule weusi ndio unaonasa joto la jua.

Tatu, pimeni. Paneli yetu ina midomo minne. Tuliziba mitatu, na wa nne tukaufunga mpira wa maji unaopenya macho. Tukajaza polepole mpaka hewa yote ikatoka, kisha tukauvuta mpira katika jengo la ghorofa, mita 10 juu. Maji ya kimo hicho husukuma kwa nguvu ya bar 1 hivi. Tangi letu la nyumbani liko mita 3 tu juu ya paneli, yaani kama bar 0.3, kwa hiyo kipimo hicho kilitutosha. Kama mtambo wako umeungwa na bomba la mji moja kwa moja, tumia pampu yenye geji, upime mara moja na nusu ya nguvu ya kazi, lakini usipite kiasi kilichoandikwa kwenye kibao cha paneli.

Tia alama pale maji yalipofika katika mpira, ungoje saa nzima. Yakishuka, pana tundu. Kausha shaba kwa kitambaa, kisha pitisha karatasi ya gazeti kwenye kila kiungo: palipovuja patalowesha karatasi.

Sikilizeni sana mambo mawili. Msipime kwa hewa ya kompresa. Hewa iliyobanwa hurusha vyuma ikipasua, lakini maji baridi hutoka tu yakaisha nguvu. Tena msiiache paneli imejaa na kuzibwa juani. Maji yakipata moto hutanuka, na yasipopata njia yatapasua shaba.

Nne, tengenezeni. Mwageni maji yote, kwa kuwa mvuke huzuia kiungo kushika. Chomeleeni kwa gesi na fimbo ya shaba yenye fosforasi, mbali na pamba na mpira. Risasi laini ya kulehemu haifai, kwa sababu paneli isiyo na maji juani huweza kupita nyuzi 150, na kiungo hicho hulegea. Kisha pimeni tena, ndipo mrudishe kioo.

Ndugu zetu, katika paneli zile tulikuta matundu mawili tu, kila moja dogo kuliko punje ya mtama. Fundi wetu wa karakana aliyaziba jioni moja baada ya kazi. Leo watoto wetu wa nyumba tatu huoga maji moto, na dari imekauka.

Lakini lililotuumiza si tundu. Tulimhukumu mwenzetu kabla ya kupima kitu chenyewe. Tulimwendea, tukamwomba msamaha mbele ya nyumba zote tatu, naye akatupa mkono. Basi, penye mashaka tupime kwanza, kisha tuseme.

Umoja ni nguvu.